Msamaha Niliompa Binti Yangu

Bariadi, Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mvua imenyesha alfajiri, sasa jua linachoma na tope limeanza kukauka. Miguu yangu imevimba tangu jana. Roho ni chungu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeficha neno nililomwambia binti yangu Minza kabla ya mtihani wake wa darasa la saba. Kanisani wanajua kwamba lipo neno na kwamba yeye hakulitii, maana kila Januari huwasimulia watoto mwenyewe. Lakini hajawahi kutaja neno lenyewe, na watu wote wanadhani nilimwambia asome kwa bidii.

Nilimwambia afeli.

Imenichukua mchana wote kuandika mstari huo. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, lakini kidole hakina kosa.

Wasomaji wa ukurasa huu mnanijua kama mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Baadhi yenu niliwafundisha kusoma. Mmezoea mwaka unapoanza niwaandikie namna ya kuwatia watoto moyo kwa imani: waombeeni asubuhi, wawekeeni mikono, waambieni Mungu haoni matokeo kabla ya kuona jitihada. Najua mnayasambaza maneno hayo kwa wenzenu, maana huwa yananirudia na picha za maua pembeni. Mwaka huu sina ya kuwapa. Daktari alinieleza hali ya moyo wangu kwa upole, na upole ule ukanitosha. Sitaki kufa nikiwa bado natia watu moyo.

Leo ilikuwa Jumapili ya kalamu. Mimi ndiye niliyeianzisha hapa kanisani kwetu. Watoto huja na kalamu zao, wengine wamevaa sare mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani, wanapanga mstari mbele, na wazee tunawawekea mikono. Wazazi wanaipenda. Wapo wanaotoka Ngulyati na viatu mkononi kwa ajili ya tope, wanavivaa mlangoni.

Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba Roho ameshuka juu ya mzee. Ni damu tu haifiki vizuri vidoleni.

Kabla ya maombi Minza alisimama kuzungumza na watoto, maana yeye ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili. Anajua kuwashika. Aliwauliza, "Nani hapa leo asubuhi kamwambia mama ameoga, kumbe kalowesha miguu tu?" Mikono ikainuka, na watu wazima wakacheka.

"Basi mimi nilikuwa mbishi kuwashinda ninyi," akaendelea. "Baba yangu yule pale, mnamwona kanyamaza kama hayumo. Alinipa neno moja kabla ya mtihani. Neno moja tu. Mimi nikaona najua zaidi yake. Na majibu niliyajua, watoto wangu, yote niliyajua. Lakini jina langu halikutoka. Mungu akiufunga mlango, hata kama funguo unazo mkononi, utasukuma mpaka uchoke. Mtiini mzazi."

Watoto wakaitikia ndiyo. Mchungaji akasema amina. Nami nikasema amina, kwa sababu mzee asiposema amina watu hugeuka kumtazama.

Minza hunilinda. Hajawahi kumwambia mtu kwamba neno lenyewe lilikuwa ovu. Anadhani akilitaja ataniaibisha mbele ya watu niliowafundisha, na kumwaibisha mzazi ni kosa juu ya kosa. Hivyo husimulia nusu, na nusu hiyo inamfanya yeye mkaidi na mimi mwenye hekima.

Ningeweza kuvumilia hata mwaka huu. Nimezoea. Kilichonishinda ni Kabula.

Kabula ni kitinda mimba wa Minza. Kesho anaanza darasa la saba. Tuliporudi kutoka kanisani aliniletea uji, akasubiri niunywe, lakini hakuondoka na kikombe.

"Guku, nikuulize?" Ananiita guku, babu, kama nami nilivyomwita babu yangu.

"Uliza."

"Mwezi wa tisa nikifeli, nitajuaje kama ni mimi sikusoma, au ni Mungu kanikasirikia?"

"Akukasirikie kwa lipi?"

"Si alimkasirikia mama. Na mama alikuwa anajua majibu yote." Akatazama chini. "Juzi nilimjibu mama vibaya, aliponituma maji. Nikawa nafikiria, sijui kama hiyo inatosha."

"Inatosha nini?"

"Kufungiwa mlango."

Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Sijawahi kukosa jibu la mtoto, hata pale ambapo ningefanya vema kulikosa. Leo nilimwambia akamsaidie mama yake kuosha vyombo.

Alienda. Nilimsikia akiimba kule nje, wimbo ule ule waliouimba kanisani. Nikaona kwamba nimemwekea mikono asubuhi nikimwombea ujasiri, na hofu aliyonayo nimeitengeneza mimi.

Wacha niseme jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini, jina lake silitaji. Kwetu, baba aliyekubaliana mahari ya ng'ombe kwa ajili ya binti yake humwambia binti akafeli mtihani wa darasa la saba, ili serikali isimdai shuleni. Binti anajaza majibu ovyo, jina halitoki, na harusi haina mtu wa kuiuliza. Kila mwalimu wa huku analijua jambo hili. Mimi nililipigia kelele kwenye mikutano ya wazazi. Nilisimama na Maandiko mkono mmoja na chaki mkono mwingine, nikawaambia wazazi kwamba kumzimia mtoto taa aliyowashiwa na Mungu ni wizi wa madhabahuni. Nilikuwa msemaji mzuri.

Lakini sikuwa na ng'ombe.

Asiye wa huku hawezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo, na sitaki niufanye kuwa udhuru. Nilikuwa na cheti, baiskeli, saa ya mkononi, na zizi tupu. Jioni wanaume walikutana kwenye lambo kunywesha mifugo, nami nilipita pale nikitoka shule. Palikuwa na mzee mmoja, Ng'wandu, aliyenipenda sana kwa utani.

"Mwadila, mwalimu," alizoea kunisalimia. "Leo umekuja kunywesha wapi? Au wale wa ubaoni wamekunywa?"

Wenzake walicheka. Walijua kutoka kwa watoto wao kwamba hesabu zangu zote zilikuwa za ng'ombe: mtu ana ng'ombe kadhaa, akauza wawili.

"Mwacheni," mwingine alisema. "Ng'ombe wa mwalimu ndio pekee wasiokufa kwa ukame. Akichoka nao anapiga dasta."

Nilicheka nao. Nilifika nyumbani nikiwa nimeuma meno. Mtu niliyemsahihishia mtoto wake madaftari alinitazama kama kijana ambaye bado hajaoa.

Mwaka ule Minza akiwa darasa la saba, alikuja mtu kutoka Zagayu mwenye zizi kubwa, akimtafutia mwanawe mke. Alikuwa amemwona Minza akiimba kanisani. Alizungumza kwa heshima zote. Hakunilazimisha, wala mke wangu hakunishauri. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, na laiti angekuwepo, mtu huyo wa Zagayu asingepewa hata kiti. Nilikubali peke yangu, na nilikubali upesi.

Septemba tulikuwa shambani, Minza na mimi, tunang'oa masalia ya pamba na kuyachoma kama inavyotakiwa kila msimu ili wadudu wasibaki. Alikuwa anasukumia mashina kwenye moto kwa jembe. Nilimwita mayu, yaani mama, kama tunavyowaita mabinti tukiwa na upendo. Nakumbuka kwamba nililichagua jina hilo.

"Mayu, kwenye mtihani usijibu unavyojua. Jaza ovyo."

Alidhani natania. "Nijaze ovyo, baba?"

"Ovyo. Ni mimi baba yako ninayekuambia. Una sababu ya kuniuliza?"

"Hapana, baba."

Akaendelea kusukuma mashina. Moshi ulikuwa mwingi, sikuuona uso wake, na niliushukuru moshi.

Jumapili iliyofuata niliongoza maombi ya watahiniwa. Nilimwekea mikono naye, nikaomba Mungu amkumbushe yote aliyojifunza. Nilisema maneno hayo juu ya kichwa chake nikijua nilichomwagiza. Wakati ule sikujua alisikia nini. Sasa najua alisikia nini: alisikia ruhusa. Ameniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba aliposikia maombi yale alifikiri Mungu anatengua agizo langu kupitia kinywa changu mwenyewe, na akaamua kujibu maswali kwa haki.

Matokeo yalipotoka nilipanda baiskeli hadi mjini hapa, kwenye ofisi ya elimu, nikarudi nayo kichwani. Enzi zile nafasi za sekondari zilikuwa chache, na kijiji chetu kilipata mtoto mmoja au hakikupata kabisa. Wazazi walikusanyika mbele ya mlingoti wa bendera. Nilitangaza wavulana wawili. Watu wakapiga vigelegele, maana wawili kwa mwaka mmoja lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Minza alikuwa amesimama nyuma na ndoo ya maji kichwani. Hakuitua. Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

Kabla ya masika alikuwa Zagayu.

Ng'ombe walikuja. Nilipita kwenye lambo nikiwaswaga mbele yangu, na Ng'wandu akanyanyua fimbo yake kunisalimu, bila utani. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo miaka mingi. Ilidumu kama unavyodumu mchana mmoja. Ukame uliofuata ulikula karibu zizi lote, na waliobaki niliwauza nilipohamia mjini.

Sisemi kwamba mume wa Minza alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima mwenye bidii, alimheshimu, na hakuoa mke wa pili. Alipofariki, Minza alirudi kwangu hapa Bariadi na wanawe. Anauza dagaa sokoni. Anasoma Maandiko kanisani bila kusitasita, anapiga hesabu za wateja kichwani huku akipiga soga, na mara nyingi nimewaona maafisa wenye suti wakimtazama wakijiuliza alisomea wapi. Wakimuuliza hucheka na kusema, "La saba, tena nilifeli."

Mwaka ule aliorudi, jioni moja alipiga magoti mbele ya kiti changu. Sikuelewa. Akaniambia ana dhambi aliyoibeba tangu utotoni na anaamini ndiyo iliyomfanya afiwe na mume.

"Baba, sikukutii. Ulisema nijaze ovyo, mimi nikajibu sawasawa. Nilijibu yote, na niliyajua. Halafu jina likakosekana. Nikajua ni Mungu. Ningekutii ningefeli kwa kutii, na angenibariki. Nilifeli kwa kiburi."

Alikuwa analia kama mtoto. Mwanamke mzima, mjane, amepiga magoti kwenye sakafu aliyoideki mwenyewe.

Hapo ndipo mahali. Nikiulizwa mbele ya kiti cha hukumu nilianguka wapi, sitataja shamba la pamba wala mlingoti wa bendera. Nitataja jioni ile. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, naye ndiye aliyeufungua, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Niliweka mkono kichwani pake nikasema, "Nimekusamehe, mayu."

Nikaomba naye. Nilimshukuru Mungu kwa toba yake. Kisha, na hili ndilo linalonifanya nishindwe kulala kuliko ugonjwa wangu, nikamwambia kwamba ushuhuda kama huo unaweza kuwasaidia watoto shule zinapofunguliwa.

Ndivyo alivyoanza kuusema kila Januari.

Watoto wangapi wamekwenda shule na Mungu huyo mfukoni? Mungu anayekaa na bunduki nyuma ya mlango, akimngoja mtoto amjibu mama yake vibaya. Sikumkuta Mungu wa namna hiyo mahali popote nilipofundishwa imani. Nilimtengeneza ili afiche kosa langu, na binti yangu akampokea, akampenda hata hivyo, akawapa wanawe. Huo ndio wizi wa madhabahuni niliokuwa nikiuhubiri.

Mtu anayenisoma kwa huruma atasema: mzee, zamani ndivyo tulivyokuwa, wazazi wengi walifanya hayo. Ni kweli walifanya. Lakini wao hawakuwa wakijua, au hawakuwa wakihubiri. Na wengi wao, binti alipofeli, walikuwa na haya ya kunyamaza. Mimi niligeuza kufeli kwake kuwa somo.

Nimejaribu kumwambia. Wakati wa Krismasi nilimwita akae. Nilianza vizuri, "Minza, kuna jambo," kisha ulimi wangu ukashika njia yake ya zamani. Nikajikuta nazungumzia rehema. Nilizungumza kwa ufasaha. Akasema asante baba, umenitia nguvu, akaenda kuzima jiko. Kinywa changu hakiwezi tena kusema jambo bila kulihubiri. Ndiyo maana naandika.

Namwona kupitia mlango. Amekaa kwenye kigoda anapiga pasi ya mkaa sare ya Kabula, anailaza kola vizuri, anaitazama kwa mbali, anairudia. Kabula amechuchumaa karibu yake anapaka viatu rangi. Wanabishana kuhusu soksi. Minza anasema nyeupe hazifai tope hili, Kabula anasema wenzake wote watavaa nyeupe. "Wenzako wote mama yao ni mmoja?" anauliza Minza, na mtoto anacheka.

Akimaliza ataniletea dawa. Nitamwomba akae, na Kabula akae, kwa sababu deni la Kabula haliwezi kungoja mwezi wa tisa. Nitawasomea haya yote kutoka kwenye simu, kama yalivyo, bila kuongeza sala mwishoni. Sitamwomba Minza anisamehe. Nimeuharibu msamaha ndani ya nyumba hii, na sina haki ya kuudai jioni hiyo hiyo. Akitaka kunyamaza, anyamaze. Akitaka kuondoka na wanawe, nitajitahidi kunywa dawa mwenyewe.

Kisha nitampa simu. Ni yeye atakayeamua kama haya yatoke au yafutwe. Kama unayasoma, ujue Minza ameyasoma kabla yako na ndiye aliyebonyeza.

Kabula, mjukuu wangu, kumjibu mama yako vibaya hakuhusiani na mtihani. Kamwombe radhi kwa sababu alikuwa amechoka, basi. Mungu hakumfungia mama yako mlango wowote. Ukikaa kwenye dawati lako jibu unachokijua, na usichokijua kiache, na usimsikilize mtu mzima yeyote atakayekuambia vinginevyo, hata akiwa amekuwekea mikono.

Minza, siku ile nilipofika ofisini mjini, afisa alisimama akanipa mkono kabla hata sijakaa. Majina aliyonitajia yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa lako. Nilimwambia umeshaolewa, wakati ulikuwa nyumbani unanipikia, na nafasi yako akapewa mtoto wa kijiji kingine.

Ulifaulu, mayu.